Taharuki Haitangazwi, Hujengwa

Kila ninapomaliza kusahihisha karatasi za wanafunzi wangu, hubaki na sentensi moja inayonirudia kichwani kama wimbo usiopendeza. Sentensi hiyo husema: "Mwandishi ametumia taharuki ili kumfanya msomaji atake kujua kitakachotokea." Basi. Hapo mwanafunzi hutia nukta, akaamini kwamba alama zake amekwisha kuzipata, akarukia kinaya, kisha mbinu rejeshi, kisha jazanda. Ukimuuliza taharuki hiyo imejengwa vipi, kwa neno lipi na katika sentensi gani, hukutazama kana kwamba umemuuliza jina la nyanya yake mwandishi.

Simlaumu mwanafunzi. Lawama ni yetu sisi tuliomfundisha kwamba kuitaja mbinu ni sawa na kuieleza. Tulimpa orodha ya majina naye akaikariri, mfano wa mtu aliyekariri majina ya dawa zote dukani bila kujua hata moja hutibu nini. Kwa miaka mingi nimeliona tatizo hili katika mitihani ya riwaya na tamthilia, na sasa naona dalili kwamba litavuka na kuingia katika filamu. Tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo vyetu limekuwa likipokea filamu pamoja na michezo ya jukwaani kwa miaka kadhaa sasa, na katika mtaala wa umilisi somo la maigizo na filamu limepewa nafasi yake kwenye sekondari pevu. Hilo ni jambo jema. Hata hivyo, naihofia siku nitakayosahihisha sentensi isemayo: "Mwelekezi ametumia kamera ili kuleta taharuki." Kwa hivyo, leo naomba ruhusa ya wasomaji niiweke kando fasihi andishi, nitazame mwanzo wa filamu moja, tena dakika zake tatu tu za kwanza, ili nijaribu kuonyesha kwamba kuieleza mbinu ni kazi ya namna gani.

Filamu yenyewe ni "Touch of Evil", iliyotolewa nchini Marekani mwaka 1958. Mwelekezi wake ni Orson Welles, ambaye pia anaigiza humo kama Hank Quinlan, afisa wa polisi mnene, mchovu na mwenye sifa kubwa ya kuwanasa wahalifu. Mpiga picha mkuu alikuwa Russell Metty, na muziki ulitungwa na Henry Mancini. Kisa kinatokea Los Robles, mji wa kubuni ulio kwenye mpaka wa Mexico na Marekani, ingawa mwanzo huu ninaouzungumzia ulipigwa picha katika mtaa wa Venice, kwenye pwani ya Los Angeles. Ni filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, na umri wake unawazidi wengi wa walimu wanaosoma safu hii.

Hebu tutazame kinachoonekana. Kwanza ni mikono. Mikono ya mtu imeshika bomu la baruti lililofungwa pamoja na saa, na vidole vinaizungusha saa hiyo kuitega. Kicheko cha mwanamke kinasikika kwa mbali. Mtu yule anageuka, anakimbia, na kivuli chake kirefu kinakimbia ukutani kumtangulia. Analifikia gari la kifahari lisilo na paa, analitia bomu katika buti, kisha anatoweka gizani. Uso wake hatuuoni sawasawa. Mara wanatokea mwanamume mwenye umri na mwanamke kijana, wakiwa na furaha ya watu waliotoka kustarehe. Wanaingia garini, na gari linaondoka. Kamera inapaa juu ya paa za majumba, inalipoteza gari nyuma ya jengo, inalipata tena likichomoza barabarani. Gari linasimamishwa na askari wa barabarani. Watu wanakatiza mbele yake. Hapo ndipo wanapoingia bwana na bibi waliooana karibuni, Vargas na Susan, wakitembea kwa miguu. Vargas ni afisa wa ngazi ya juu katika serikali ya Mexico. Susan ni Mmarekani. Gari linawapita, kisha linazuiwa na kundi la mbuzi, nao wanalipita. Mwishowe wote wanne wanafika pamoja kwenye kizuizi cha mpakani. Afisa wa forodha anamtambua Vargas na kumpongeza kwa kesi anayoishughulikia. Yule mwanamke wa garini analalamika kwamba anasikia kitu kikigonga kichwani mwake kama saa. Hakuna anayemjali. Gari linavuka na kutoka machoni petu. Vargas na mkewe wanasimama, wanakaribiana ili wabusiane, na hapo ndipo mlipuko unaposikika.

Tangu saa kutegwa hadi mlipuko ni kama dakika tatu na sekunde ishirini, na katika muda wote huo picha haikukatwa hata mara moja. Kamera iliwekwa kwenye kreni iliyobebwa na gari, nayo ikainuka, ikashuka, ikarudi kinyumenyume na kupinda kona pamoja na waigizaji. Charlton Heston, aliyeigiza kama Vargas, alisimulia baadaye kwamba mwigizaji aliyekuwa afisa wa forodha alikosea maneno yake mara kwa mara, na kosa lake liliwalazimu wote kurudi mwanzo kabisa: gari, mbuzi, wapita njia na kreni. Kazi hiyo iliendelea usiku kucha mpaka mapambazuko yakakaribia. Mwanafunzi mwerevu atauliza: kwa nini kujitesa hivyo? Si ingekuwa rahisi kupiga picha ya gari kando, ya wapenzi kando na ya bomu kando, kisha kuziunganisha?

Swali hili ndilo mlango wa kuingilia, na ufunguo wake, kwa bahati njema, tunao katika sarufi ya Kiswahili. Kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza anajua kazi ya kiambishi -KA- katika masimulizi: mtu akalitega bomu, akalitia garini, akakimbia. Kila tendo hufuata jingine. La kwanza limekwisha ndipo la pili linaanza. Filamu inayokatwakatwa huzungumza kwa -KA-. Tunaonyeshwa gari, kisha saa ya bomu, kisha uso wa Susan, kisha gari tena. Akili zetu huambiwa kwamba mambo haya yanatokea wakati mmoja, lakini macho hupewa kimoja baada ya kingine, na baina yake mhariri ana uhuru wa kuunyoosha wakati au kuufupisha. Wengi wetu tumeona filamu ambazo saa ya bomu husema sekunde kumi, na shujaa akapata nafasi ya kupigana, kulia na kuomba msamaha kabla sekunde hizo hazijaisha.

Welles aliamua kuzungumza kwa -KI-: gari likienda, wapenzi wakitembea, saa ikihesabu. Matendo matatu, wakati mmoja, ndani ya fremu moja. Kwa kuwa picha haikukatwa, dakika za waigizaji ndizo dakika za mtazamaji aliye kitini. Hana pa kupumulia. Katika uandishi tunalitumia neno mkato kwa alama ile ndogo inayompa msomaji nafasi ya kuvuta pumzi; katika filamu pia mkato ni pumzi, nasi hapa tumenyimwa kwa dakika tatu nzima.

Aidha, wanasarufi wenzangu watakumbuka kwamba -KI- ina kazi nyingine. Kiambishi hicho hicho kinachosema "wakati" ndicho kinachosema "iwapo". "Likilipuka" yaweza kuwa sharti: likilipuka sasa, nani atakuwa karibu nalo? Gari likikwama kwa mbuzi, wapenzi watalipita? Wakisimama hapa kizuizini kuzungumza, itakuwaje? Kila mara gari na wapenzi wanapokaribiana, hesabu yetu inabadilika. Nikiulizwa taharuki ni nini, nitajibu kwamba ni pale -KI- ya wakati na -KI- ya sharti zinaposemwa kwa kinywa kimoja: mambo yakiendelea kutendeka, na tukiwa hatujui yataangukia wapi.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba taharuki haitoki katika kutojua. Kitabu cha marudio humwambia mwanafunzi kwamba taharuki ni hali ya kutaka kujua kitakachotokea. Katika mandhari hii kitakachotokea tunakijua tangu mwanzo: bomu litalipuka. Alfred Hitchcock, bingwa mwingine wa filamu za aina hii, alimweleza mwelekezi wa Kifaransa François Truffaut jambo hili katika mazungumzo yao ya mwaka 1962. Kwa muhtasari, alisema kwamba bomu likilipuka chini ya meza bila hadhira kuwa na habari, hadhira itashtuka kwa sekunde chache. Lakini hadhira ikijulishwa mapema, mazungumzo yale yale ya kawaida mezani yatawatesa watazamaji kwa dakika kumi na tano. Elimu ndiyo inayotutesa. Sisi tunajua, walio garini hawajui. Hapo kinaya na taharuki, ambazo mwanafunzi wangu aliziandika kama mbinu mbili mbalimbali katika aya mbili mbalimbali, zinajidhihirisha kuwa kamba moja iliyosokotwa. Mwanamke wa garini anapolalamikia mgongo wa saa kichwani mwake, anasema kweli tupu, na yeye mwenyewe hajui kwamba ni kweli.

Nije kwenye sauti, ambayo wanafunzi huisahau kabisa. Filamu ilipotolewa mwaka 1958, kampuni iliyoimiliki iliyabandika majina ya waigizaji na mafundi juu ya picha hii ndefu, na chini yake ukachezwa muziki wa Mancini wa ngoma na tarumbeta. Welles hakuridhika na namna filamu ilivyokuwa imehaririwa. Mnamo Desemba 1957 alikuwa amekwisha kuiandikia kampuni hiyo waraka wa kurasa 58 akieleza mabadiliko aliyoyataka. Kwa mwanzo huu alitaka sauti za mji wenyewe: muziki unaotoka katika vilabu vya pombe, kila mlango na wimbo wake, na redio za magari yapitayo. Welles alifariki mwaka 1985 bila kuyaona hayo. Mwaka 1998 mhariri Walter Murch aliufuata waraka ule na kuihariri filamu upya; majina yakaondolewa mwanzoni, na mji ukapewa sauti yake.

Sikuielewa tofauti hiyo vizuri mpaka nilipofundishwa na wanafunzi wangu. Siku moja nilikuwa nikiwaonyesha mandhari hii ukutani, na kabla ya kufika nusu umeme ukapotea. Picha ikazimika. Kompyuta yangu ndogo ilikuwa na chaji, basi sauti ikaendelea. Nilitaka kuizima, lakini darasa lilikuwa kimya kiasi kwamba niliona aibu kulikatiza. Tukasikiliza gizani: muziki wa klabu moja ukafifia, wa nyingine ukachukua nafasi, nyayo, sauti za watu, mbuzi. Ghafla binti mmoja aliyeketi nyuma akasema kwa hofu: "Limerudi!" Alikuwa ameitambua redio ya lile gari. Hakuliona, wala hakulitaja kwa jina.

Nimeifikiria kauli hiyo kwa muda mrefu. "Limerudi." Kiambishi LI- kilitosha. Katika lugha yetu, nomino ikishatajwa mara moja yaweza kujificha sentensi nyingi na bado tukaifuata, kwa sababu upatanisho wa kisarufi hutuachia alama yake katika kila kitenzi: lilisimama, likapita, limerudi. Redio ya gari katika sauti ya mwaka 1998 inafanya kazi ya LI-. Gari linapotoka nje ya fremu, alama yake inabaki masikioni, nasi tunajua kiama kiko mbali au kiko jirani. Muziki wa Mancini ni mzuri, na wapo wataalamu wanaoupendelea hadi leo. Lakini muziki huo unatuambia tu kwamba kuna hatari. Redio inatuambia hatari iko wapi. Tofauti hiyo ndiyo tofauti baina ya mwanafunzi anayeandika "kuna taharuki" na yule anayeonyesha inapokaa.

Najua yupo msomaji atakayesema kwamba haya yote ni mbwembwe za fundi anayetaka kusifiwa. Picha ndefu, kreni ndefu, makofi marefu. Pingamizi hilo lina uzito, maana zipo filamu nyingi ambazo kamera huzunguka kwa sababu tu inaweza kuzunguka. Jibu langu ni kwamba katika filamu hii kutokatwa kwa picha ndiko kiini cha kisa chenyewe. Quinlan, kama tunavyokuja kugundua, hupata sifa zake kwa kuwabambikia watu ushahidi. Katikati ya filamu kuna mandhari nyingine ndefu, ndani ya nyumba ya kijana wa Mexico anayeitwa Sanchez. Vargas anaingia bafuni na kuliangusha boksi la viatu, liko tupu. Baada ya muda mfupi polisi "wanapata" vijiti viwili vya baruti ndani ya boksi hilo hilo. Sehemu kubwa ya mandhari hiyo nayo imepigwa kwa picha ndefu zisizokatwa, na boksi tumeliona likiwa tupu pamoja na Vargas. Kwa hivyo mtazamaji anakuwa shahidi kama Vargas. Kama Welles asingetuonyesha boksi hilo likiwa tupu, tungebaki na shaka: pengine kuna kitu hatukuonyeshwa.

Hivyo mwanzo ule unatufunza namna ya kuitazama filamu nzima. Tuliona bomu likitiwa garini; uso wa mtiaji hatukuuona. Kamera ilitupa ilichokiona, kwa muda wake halisi, na haikudai kujua zaidi. Quinlan ni kinyume chake: anadai kumjua mhalifu kwa hisia za mwilini, kisha anauchonga ushahidi ufuate hisia hizo. La kusikitisha zaidi ni kwamba mwisho wa filamu tunaambiwa Sanchez amekiri. Hisia za Quinlan zilikuwa sahihi, na bado alichokifanya kilikuwa dhuluma. Hilo ni swali ambalo mwanafunzi wa fasihi anastahili kupewa alijadili kwa kurasa nne, na hawezi kulifikia iwapo kazi yake imeishia kwenye kutaja jina la mbinu.

Wala jambo hili haliishii darasani. Vijana tunaowafundisha hutazama picha zinazosonga mchana na usiku katika simu zao, nyingi zikiwa vipande vya sekunde chache vilivyokatwa na watu wasiowajua, kwa nia wasizozijua. Wakati wa uchaguzi, wakati wa maandamano, wakati wa msiba, vipande hivyo huwafikia kabla ya gazeti na kabla ya mwalimu. Mara nyingi muziki wa kutisha umewekwa chini yake, na mkato umewekwa mahali hasa ambapo ukweli ungeanza kujitokeza. Kijana aliyezoea kuuliza "picha hii imekatwa wapi, na kabla ya mkato huo kulikuwa na nini?" ana kinga fulani. Asiyezoea kuuliza hupelekwa kama ile hadhira ya 1958, kwa ngoma na tarumbeta.

Basi, mwalimu mwenzangu, nakupendekezea zoezi dogo ambalo halihitaji fedha nyingi wala mitambo mikubwa. Chagua mandhari moja ya dakika tatu, ya filamu yoyote inayowafaa wanafunzi wako. Waonyeshe mara ya kwanza bila sauti. Waonyeshe mara ya pili wakiwa wamefumba macho. Kisha waandike walichokiona na walichokisikia, wakichagua kwa makini pa kutumia -KA- na pa kutumia -KI-, na wahesabu mikato. Kwa kipindi kizima lipige marufuku neno taharuki. Liruhusu mwishoni tu, mwanafunzi akiwa amekwisha kuonyesha vipande vinavyoijenga. Nimelifanya zoezi hili kwa miaka kadhaa. Karatasi huwa chache kurasa lakini nzito maneno, na mara moja moja huwa nasahau kwamba ninasahihisha.

Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Nawaheshimu, lakini wao hawakuwahi kukaa mbele ya picha iliyokatwa na mtu mwingine. Sisi tumekaa, na watoto wetu wanakaa kila siku. Wenye macho sasa wanahitaji kuambiwa watazame, tena waambiwe wasipepese hadi bomu lilipuke.